Lugha ya Mashine ya Kuchonga Chuma: Namna ya Kuiandaa, Kuiandikia na Kuiendesha

1. Utangulizi

Katika karakana moja ya mafunzo, mwandishi wa makala haya aliwahi kushuhudia kisu cha kuchongea chuma kikishuka kwa kasi juu ya jiliwa, kikavunjika na kuacha jeraha refu katika taya lake. Hakuna aliyeumia, kwani mlango wa mashine ulikuwa umefungwa. Kosa lenyewe lilikuwa la tarakimu moja tu: mwanafunzi alikuwa ameandika H02 mahali pa H01. Mwalimu wake hakumkaripia. Alimwuliza, "Kijana, hiyo H maana yake nini?" Mwanafunzi akajibu kwa Kiingereza, neno kwa neno, kama ilivyoandikwa kitabuni. Mwalimu akasema, "Vyema. Sasa nieleze kwa maneno yako mwenyewe." Kijana akanyamaza.

Kimya hicho ndicho kilichotusukuma kuandika makala haya. Madhumuni yetu ni mawili. Kwanza, tunakusudia kueleza kwa Kiswahili jinsi mashine ya kuchonga chuma inayoongozwa kwa tarakimu, yaani ile iitwayo CNC, inavyoandaliwa, inavyoandikiwa programu na inavyoendeshwa. Pili, tunataka kuonyesha kwamba ugumu wa somo hili haumo katika alama zake, bali katika dhana chache ambazo aghalabu hukaririwa bila ya kueleweka.

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kutenganisha kazi mbili. Kiswahili kina neno la tangu zamani, kukereza, ambalo ni kukizungusha kipande huku chombo cha kukatia kikiwa kimeshikiliwa. Na chombo cha kazi hiyo huitwa kerezo. Katika mashine tunayoizungumzia hapa mambo ni kinyume: kisu ndicho kinachozunguka, na kipande kimebanwa kisijizungushe. Kazi hii tutaiita kuchonga, kwa kuwa hutoa bapa, mifuo na mashimo, wala si umbo la mviringo tu kama la mguu wa kitanda.

2. Asili ya mashine hizi

Mashine za namna hii zilitokana na haja ya kutengeneza mapanga ya helikopta. Katika miaka ya 1940, huko Michigan, Marekani, John T. Parsons na mhandisi wake Frank Stulen walitumia mashine za kadi zilizotobolewa ili kukokotoa vituo vingi vilivyo katika mchirizo wa panga. Tarakimu hizo zilipopatikana, mtu mmoja alizisoma kwa sauti, na wengine wawili, kila mmoja akiwa na gurudumu lake, wakapeleka mashine hadi mahali palipotajwa. Kisha kisu kiliteremshwa kukata, na msomaji akasoma jozi nyingine.

Yafaa msomaji aikumbuke picha hiyo ya watu watatu, kwa sababu mashine ya leo haifanyi jambo jingine. Mwaka 1949 Parsons alipata mkataba wa Jeshi la Anga la Marekani, na kazi hiyo ikaingia katika maabara ya Chuo cha MIT. Mwaka 1952 chuo hicho kilionyesha hadharani mashine ya kuchonga yenye mihimili mitatu, iliyoongozwa kwa utepe wa karatasi uliotobolewa. Sauti ya msomaji ikawa imegeuka matundu katika karatasi, na mikono ya wale wawili ikawa imegeuka mota. Baadaye kompyuta ilichukua nafasi ya utepe, na mwaka 1982 shirika la viwango la kimataifa, ISO, likatoa kiwango namba 6983 kuhusu namna ya kuandika amri hizo.

Nchini Kenya habari hii ina historia yake. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze motokaa ya humu nchini, na mwaka 1990 motokaa za Nyayo zilionyeshwa. Mradi huo haukufikia uzalishaji wa kibiashara, lakini ulidhihirisha kwamba hakuna motokaa pasipo karakana ya kuchonga vipuri kwa vipimo halisi. Kutokana na juhudi hizo ilizaliwa Numerical Machining Complex ya Nairobi, mwaka 1994. Jina lake lenyewe lataja kazi ya tarakimu.

3. Mihimili mitatu

Mashine haijui kulia, kushoto, huku wala kule. Inajua mihimili na tarakimu. Mpango huu wa kutaja mahali kwa tarakimu twauhusisha na Mfaransa René Descartes, aliyechapisha kitabu chake cha jiometri mwaka 1637. Mhimili wa X huenda kulia na kushoto kwa mtu anayeielekea mashine. Wa Y huenda mbele na nyuma. Wa Z huenda juu na chini, sambamba na kichwa kinachozungusha kisu. Mwanafunzi anyoshe vidole vitatu vya mkono wa kulia vipishane kwa pembemraba: kidole gumba ni X, cha shahada ni Y, na cha kati ni Z, kila kimoja kikielekea upande wa chanya. Z chanya daima humaanisha kisu kuondoka kwenye kipande, na Z hasi ni kuingia ndani yake. Alama ndogo ya kutoa ndiyo inayotenganisha kupanda na kushuka.

Hapa pana jambo linalowatatiza wanafunzi wengi. Akiamuru X chanya, yaani kisu kiende kulia, ataona meza ikienda kushoto. Atadhani amekosea, na akigeuza alama ndipo atakosea kweli. Katika mashine nyingi kichwa hakisogei katika X wala Y. Meza ndiyo inayosogea chini yake. Lakini programu huandikwa daima kana kwamba kisu ndicho kisafiricho na kipande kimetulia. Ni kama abiria wa gari moshi aonaye miti ikirudi nyuma: miti haikwenda popote, naye ndiye aliyesonga mbele.

4. Kuandaa kazi: sifuri tatu

Kuandaa mashine ni kazi ya mikono na macho, na ndiyo inayotofautisha fundi na mbonyeza vitufe. Jiliwa husafishwa, kwani chembe moja ya maranda ya chuma chini yake huuinua upande mmoja. Kisha hulinganishwa na mhimili wa X kwa kipimo cha saa kilichofungwa kichwani: ncha ya kipimo huliegemea taya, meza husogezwa, na mshale hutazamwa. Mshale ukihama kwa sehemu 10 za mia za milimita kutoka mwanzo wa taya hadi mwisho wake, jiliwa limepinda, na kila mfuo utakaochongwa utapinda kwa kadiri hiyo hiyo. Fundi hulegeza bolti, hugonga kidogo kwa nyundo ya mpira, hupima tena, na haachi mpaka mshale utulie. Ndipo kipande hubanwa.

Baada ya hapo huja suala la sifuri, ambalo ndilo kiini cha makala haya. Tarakimu yoyote ya umbali haina maana mpaka ijulikane umbali huo unaanzia wapi. Katika mashine hii kuna mianzo mitatu, nayo ni lazima itofautishwe.

(a) Sifuri ya mashine. Hii ni mahali palipowekwa na mtengenezaji. Mashine nyingi zikiwashwa hutakiwa kwanza zirudi hapo ili zijue zilipo. Mfanyakazi haibadilishi.

(b) Sifuri ya kazi. Hii huchaguliwa na fundi juu ya kipande chenyewe, mathalani katika kona ya kushoto ya mbele, kwenye uso wa juu. Umbali wake kutoka sifuri ya mashine huhifadhiwa katika kompyuta kwa jina la G54. Ili kuipata, fundi hutumia kijiti cha kutafutia ukingo. Tuseme kijiti kina kipenyo cha milimita 10. Kikigusa ukingo wa kushoto, katikati ya kichwa iko milimita 5 nje ya kipande, wala si ukingoni. Kwa hiyo mahali hapo ni X-5. Anayepaita sifuri atahamisha kazi yake nzima kwa milimita 5.

(c) Kimo cha kisu. Visu havina urefu mmoja. Kichwa cha mashine hakijui ncha ya kisu iko umbali gani chini yake isipokuwa kimeambiwa. Kila kisu hupimwa, na urefu wake huandikwa katika orodha yenye namba: H01 kwa kisu cha kwanza, H02 kwa cha pili, na kadhalika.

Sasa twaweza kulijibu swali alilonyamazia yule kijana. Tuseme kisu namba 1 kina urefu wa milimita 120, na namba 2 kina milimita 80. Kisu cha kwanza kimo kichwani, lakini programu imetaja H02. Mashine inaamini kwamba ncha iko milimita 80 chini ya kichwa, ilhali iko 120. Ikiamriwa kusimamisha ncha milimita 5 juu ya uso wa kipande, itakiteremsha kichwa hadi milimita 85 juu ya uso huo. Kwa kuwa kisu ni kirefu zaidi kwa milimita 40, ncha itajaribu kufika milimita 35 chini ya uso. Mashine haikuasi amri hata kidogo. Ilitii kwa ukamilifu amri isiyo sahihi.

5. Sarufi ya programu

Programu ni mfululizo wa mistari. Kila mstari huwa na maneno, na kila neno ni herufi moja pamoja na tarakimu zake. Herufi G hutaja namna ya mwendo au ya kupima; M hutaja matendo ya mashine, kama vile kuzungusha au kusimamisha; X, Y na Z hutaja mahali; S ni wingi wa mizunguko kwa dakika; F ni mwendo wa kukata; na T ni namba ya kisu.

Tuchukue kipande cha chuma laini chenye urefu wa milimita 100, upana wa 60 na unene wa 20. Tunataka kuchonga mfuo ulionyoka katikati yake, wenye upana wa milimita 10 na kina cha 2, kwa kisu cha kipenyo cha milimita 10 chenye meno manne. Sifuri ya kazi iko kwenye kona ya kushoto ya mbele, juu. Programu yaweza kuwa hivi:

G21 G17 G90 G54
T1 M06
S950 M03
G00 X-10. Y30.
G43 H01 Z50.
Z5. M08
G01 Z-2. F190
X110.
G00 Z50. M09
M05
M30

Mstari wa kwanza waweka masharti: vipimo ni vya milimita, kazi iko katika bapa la X na Y, mahali patahesabiwa kutoka sifuri, na sifuri hiyo ni ile ya G54. Wa pili waleta kisu cha kwanza. Wa tatu wakizungusha mara 950 kwa dakika, kuelekea upande wa mishale ya saa. Wa nne wakipeleka kwa haraka hadi nje kidogo ya ukingo wa kushoto, usawa wa katikati ya upana. Wa tano wataja kimo cha kisu na kuisimamisha ncha milimita 50 juu ya uso. Wa sita wakishusha hadi milimita 5 na kufungua maji ya kupozea. Wa saba wakishusha polepole hadi kina cha milimita 2, kikiwa bado nje ya chuma. Wa nane wakivusha kipande chote. Iliyobaki yainua kisu, yafunga maji, yasimamisha mzunguko na kumaliza. Amri M30 huirudisha programu mwanzoni. Zamani ilikuwa ni kuuviringisha tena utepe wa karatasi.

Msomaji wa sarufi ya Kiswahili atatambua jambo fulani hapa. Mstari wa "X110." haukutaja namna ya mwendo. Umeitwaa kutoka mstari uliotangulia, wenye G01. Ndivyo ifanyavyo -ka- katika masimulizi yetu: tusemapo "alikwenda sokoni, akanunua samaki, akarudi", kitenzi cha kwanza ndicho kilichobeba wakati, na vinavyofuata vyauegemea. Amri za G nyingi hudumu hivyo mpaka zibadilishwe. Kwa hiyo mstari mmoja hauwezi kusomwa peke yake. Sharti isomwe na iliyotangulia.

Makosa mawili ya usomaji yastahili kutajwa. La kwanza ni la G90 na G91. Chini ya G90, X110. ni mahali: milimita 110 kutoka sifuri. Chini ya G91, ni safari: milimita 110 kutoka ulipo sasa. Kisu kilichoanzia X-10 kingeishia X100, yaani katikati yake ikiwa juu ya ukingo wa kulia, na mfuo usingemalizika kwa unadhifu. Ni tofauti kati ya kumwambia mtu "nenda nyumba namba 10" na kumwambia "ruka nyumba 10".

La pili ni la nukta. Katika baadhi ya mashine, hasa za mtindo wa zamani, X30. yenye nukta ni milimita 30, lakini X30 isiyo na nukta ni sehemu 30 za elfu za milimita moja. Binadamu akikosa nukta hukisiwa nia yake. Mashine haikisii nia ya mtu.

6. Kasi haikisiwi

Tarakimu 950 na 190 hazikutoka hewani. Meno ya kisu cha chuma cha haraka yanapokata chuma laini, yaweza kusafiri kiasi cha mita 30 kwa dakika bila ya kuungua. Idadi ya mizunguko hupatikana kwa kuzidisha mita hizo kwa 1000, kisha kugawanya kwa mzingo wa kisu, ambao ni kipenyo mara 3.14. Kwa kisu chetu ni 30,000 kugawanywa kwa 31.4, yaani karibu 955. Nasi tumechukua 950. Kisha, tukikubali kila jino litwae milimita 0.05, mwendo wa kukata ni 950 mara meno 4 mara 0.05, yaani milimita 190 kwa dakika.

Mwanafunzi anayeijua njia hii hatategemea jedwali la mtu mwingine. Kisu cha kipenyo cha milimita 5 kitataka mizunguko maradufu, kwani mzingo wake ni nusu. Aluminiamu itaruhusu kasi kubwa zaidi kuliko chuma. Rangi ya maranda, sauti na mtetemo vitamwambia kama hesabu yake inalingana na hali halisi. Kwa maana hiyo sikio la fundi halijastaafishwa na kompyuta.

7. Kuendesha kwa mara ya kwanza

Programu mpya haiaminiwi, hata kama imeandikwa na bingwa. Kwanza husomwa kwa sauti, mstari kwa mstari, msomaji akieleza kila neno. Pili, sifuri ya kazi huinuliwa kwa muda, tuseme milimita 100, ili kisu kicheze mchezo wake wote hewani. Tatu, sifuri hurudishwa mahali pake na programu huendeshwa mstari mmoja mmoja, mwendo wa haraka ukiwa umepunguzwa, na mkono ukiwa karibu na kitufe chekundu cha dharura.

Mashine ikisimama baada ya mstari wa Z50., fundi huangalia kwa macho: je, ncha iko kiasi cha milimita 50 juu ya kipande? Katika kosa la H02 tulilolieleza, skrini ingesema 50, lakini macho yangeona 10. Pengo hilo laonekana hata kwa mtu aliye mbali na mashine. Anayejua maana ya H atalitafuta. Asiyejua ataitazama skrini, aridhike, na kubonyeza kitufe cha mstari unaofuata.

Usalama nao una sharia zake. Miwani huvaliwa muda wote. Glavu hazivaliwi karibu na kisu kinachozunguka, kwani kikiishika glavu kitauvuta na mkono. Maranda huondolewa kwa brashi baada ya mashine kusimama, wala si kwa vidole.

8. Suala la lugha

Wako wanaodai kwamba somo hili haliwezi kufundishwa kwa Kiswahili, kwa sababu mashine "inazungumza Kiingereza". Dai hili halina msingi. G01 si Kiingereza, wala si Kijerumani, wala si Kijapani. Fundi wa Osaka na fundi wa Nairobi huandika G01 ile ile, na kila mmoja huielewa kwa lugha aliyofikiria nayo. Kwa hiyo hatupendekezi alama hizi zitafsiriwe, wala hatuoni haja ya kubuni istilahi ngumu ambazo hakuna karakana itakayozitumia. Jiliwa, tupa, bolti, nati, taya, ncha, ukingo, mzingo, kipenyo, kimo, sifuri: maneno haya yako tayari, na yanatosha kueleza sehemu kubwa ya kazi.

Linalopungukiwa ni maelezo. Mwanafunzi anaweza kukariri sentensi ya Kiingereza akafaulu mtihani wa karatasi, lakini mtihani wa mashine hausahihishwi kwa kalamu nyekundu. Tunapendekeza, basi, kwamba vyuo vyetu vya ufundi vimtake kila mwanafunzi, kabla ya kuruhusiwa kubonyeza kitufe cha kuanza, aieleze programu yake kwa lugha aijuayo barabara: sifuri iko wapi, kisu kina kimo gani, na kila mstari unaipeleka ncha wapi. Maelezo hayo hayatachukua hata robo saa. Kisu kilichovunjika na jiliwa lililojeruhiwa siku ile viligharimu zaidi ya hapo, na gharama ingalikuwa kubwa zaidi lau mlango wa mashine ungalikuwa wazi.